Mifupa Nayo Hutoa Ushahidi

Katika ukurasa wetu wa Elimu na Kazi, mwezi huu tunajibu swali la vijana wa sekondari: wale wataalamu tunaowaona kwenye filamu, wenye glavu na koti jeupe, wanaochunguza vifo, je, ni kazi ya kweli?

Ndiyo, ni kazi ya kweli. Inaitwa sayansi jinai, na sisi wakimbizi inatugusa sana. Nyumba nyingi hapa kambini zina jina la ndugu ambaye hatujui kama yu hai, na kama amekufa hatujui amelala wapi.

KAZI YENYEWE

Mwaka 1996 msichana wa miaka 23, Clea Koff, alifika Kibuye, Rwanda. Baba yake ni Mmarekani, mama yake Mtanzania. Alikuwa bado mwanafunzi wa sayansi ya mifupa. Yeye na wenzake walifanya kazi kwa ajili ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha hadi 2015. Walifukua kaburi la pamoja karibu na kanisa, wakatoa miili ya mamia ya watu waliouawa mwaka 1994.

Mifupa ilioshwa na kupimwa. Nyonga huonyesha kama marehemu ni mwanamke au mwanaume. Meno huonyesha umri wa mtoto. Mfupa wa paja hukadiria urefu. Alama kwenye fuvu huonyesha kama ni panga au rungu. Uchunguzi huo ulifika mahakamani, na mwaka 1999 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye alihukumiwa kifungo cha maisha.

Lakini kupata majina kulikuwa kugumu. Nguo zilifuliwa na kutandazwa ili waliopona waje kuziangalia. Waliotambuliwa ni wachache tu, maana wengi ambao wangezitambua walikuwa wamekufa pia.

Siku hizi vinasaba vinasaidia. Katika mauaji ya Srebrenica, Bosnia, ya Julai 1995, waliuawa watu kama 8,000. Karibu 7,000 wamekwisha kutambuliwa, wengi wao kwa sababu ndugu zao walitoa damu ikalinganishwa na mifupa.

NJIA YA KUINGIA

Kijana, anza na masomo ya sayansi. Anayesoma mtaala wa Kongo achague sayansi. Wa Burundi vivyo hivyo. Chuo kikuu soma kemia, biolojia au udaktari, halafu ndipo ubobee. Tanzania kazi hii hufanywa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali: sumu, damu, vinasaba. Polisi nao wana wataalamu wa alama za vidole.

Ada je? Tangu 1992 ufadhili wa DAFI, kupitia UNHCR, husomesha wakimbizi chuo kikuu. Nafasi ni chache na hautolewi kila mahali, kwa hiyo ulizeni mapema ofisi ya elimu.

Tusidanganyane, kazi hii si kama kwenye sinema. Kuna harufu, kuna jua, na kuna kuandika sana. Kila kielelezo hufungwa, hupewa namba, na kila anayekipokea huweka sahihi. Sahihi moja ikikosekana, wakili ataanzia hapo. Tena mtaalamu husema alichokiona tu, hata kama kinamuumiza au kinamsaidia adui yake. Asiyeweza hilo atafute kazi nyingine.

NA SISI WAZAZI?

Hata ambaye hatasoma sayansi ana sehemu yake. Chukua daftari, andika habari za ndugu aliyepotea: majina yote, mwaka wa kuzaliwa, urefu, jino lililong'oka, mfupa uliowahi kuvunjika, nguo aliyovaa mara ya mwisho, na mahali mlipoachana. Siku mtaalamu akija kuuliza, huenda bibi ameshafariki, na watoto hawakuwahi kuambiwa. Basi tuwaambie leo.

Tukutane toleo lijalo.