Wizi wa Baiskeli (II): Kuiona na Kuithibitisha

Katika makala ya kwanza tulizungumza juu ya kufuli na minyororo, na jinsi mwizi asiyependa kelele anavyomvizia mwenye haraka, yule aliyeegemeza baiskeli yake ukutani akisema moyoni kwamba anachukua mkate mara moja tu. Leo tuchukulie kwamba hayo yamekwisha kutokea: mtu ametoka dukani, ukuta anauona, baiskeli haioni. Ameuliza kulia, ameuliza kushoto, na muuza kashata amemjibu kwamba kijana aliyeipanda alikuwa na utulivu wote wa mwenye mali. Je, ana tamaa yoyote ya kuipata tena?

Kuiona si ajabu. Baiskeli ni kitu cha barabarani, haifichiki sandukuni kama mkufu wa dhahabu. Aliyeiiba atataka kuipanda au kuiuza, na aliyeuziwa hakuinunua aitundike ukutani. Mimi nawajua watu watatu hapa Tanga, ambako toka zamani baiskeli imekuwa ndiyo miguu ya mji, waliopishana na baiskeli zao wenyewe katika mitaa ya Ngamiani mchana kweupe, na wote watatu wakaziacha zikenda zao, kwa sababu walipomsimamisha mpandaji na watu wakakusanyika, hawakuwa na hoja yoyote isipokuwa "naijua". Mpandaji naye akasema anaijua. Basi hapo pana wajuzi wawili na baiskeli moja, na aliyeikalia ndiye anayeondoka nayo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Toronto, nchini Kanada, mwezi wa Julai 2008, polisi walipomkamata muuza baiskeli mmoja aliyekuwa na duka mjini, wakazipata dukani mwake na katika mabanda aliyoyakodi hapa na pale baiskeli zinazokaribia 3,000. Zikakusanywa mahali pamoja, umma ukaitwa uje kutambua mali yake, na watu wakaja makundi kwa makundi wakapita baina ya safu za magurudumu kama watu wanaotafuta ndugu zao bandarini. Zilizochukuliwa na wenyewe ni mia chache tu. Huenda wengine walikuwa wamekwisha kukata tamaa, au wamehama, au wamenunua nyingine. Lakini nafikiri wako pia waliosimama mbele ya baiskeli nyeusi kumi zinazofanana, wakijua kwa yakini kwamba moja ni yao, wasiweze kusema ni ipi.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, kabla ya kuendelea, waende wakaipindue baiskeli yao miguu juu. Kila baiskeli inayotoka katika kiwanda chenye heshima yake hupigwa namba kwenye chuma cha fremu. Zile Raleigh za Nottingham, ambazo baba zetu walizipanda kwenda kazini, aghalabu zina namba juu, penye kifundo kilicho chini kidogo ya kiti. Nyingine, na humo zimo nyingi za China na India, zina namba chini kabisa, pale inapopita ekseli ya pedali, mahali ambapo matope na grisi huisitiri hata mwenyewe akaishi nayo miaka ishirini asijue kwamba ipo. Kitambaa chenye mafuta ya taa kinatosha kuifichua. Wenye simu za kisasa waipige picha, kisha waipige picha baiskeli nzima, na wao wenyewe wakiwa wamesimama kando yake. Wasio nazo waiandike mahali pasipopotea. Wajapani wameifanya kazi hii kuwa ya sheria: tangu 1994 kila mwenye baiskeli hulazimika kuiandikisha na kubandika kibandiko chenye namba, na askari akimsimamisha mpandaji usiku huiuliza namba ile na kupata jina la mwenyewe papo hapo. Kwetu sisi, katika miji kadhaa, baiskeli zilikuwa zikitozwa leseni na kufungwa kibati, na watu tulikilalamikia kibati kile sana, wala sikumbuki hata mmoja wetu aliyekisifu.

Na sasa nisimulie yangu, maana siandiki haya kwa kusoma tu.

Mwaka wa 1984, nami nikiwa mwalimu, nilikuwa na Raleigh ya gia tatu niliyorithi kwa marehemu baba. Wanaoikumbuka miaka ile watakumbuka kwamba hata tairi ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa ndugu walio mbali, sembuse baiskeli nzima. Iliibwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, katika muda usiozidi hotuba na rakaa mbili; nilitoka nikavikuta viatu vyangu vipo, nikashukuru kwa viatu, kisha ndipo nikatazama mwembe nilioiegemeza. Nilikwenda kituoni nikachukua RB, ambayo ni lazima kwa kila mtu, maana asiyeripoti wizi leo hatasadikiwa atakapoiona mali yake mwezi ujao. Lakini kutoka kituoni nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wangu, aliyekuwa na kibanda chini ya mkungu.

"Shikamoo fundi," nikamwambia, kwani alinizidi umri. "Baiskeli imekwenda."

"Marahaba, mwalimu. Pole sana." Hakuacha kuupigapiga msumari uliopinda. "Sasa nambie, baiskeli yako ilikuwa na nini ambacho ya mwenzio haina?"

Nikamwambia ni nyeusi, ina keria, ina kengele. Akanitazama kwa huruma. Akasema nyeusi ni zote, na keria ni zote, na kengele ndiyo itakayokuwa ya kwanza kung'olewa. Kisha yeye mwenyewe, ambaye hakupata kukaa darasani zaidi ya miaka minne, akaanza kunitajia baiskeli yangu: spoki mbili za gurudumu la mbele alizozibadili yeye, moja ina kutu na moja haina, ufa alioupiga weldi kwenye stendi, na habu ya nyuma, iliyotengenezwa na Sturmey-Archer, ambayo kiwanda kile kilikuwa na desturi ya kuipiga tarakimu za mwaka na mwezi. Yangu ilikuwa na 56. Alikuwa akiisoma kila alipotia mafuta.

Mafundi ndio wanaopaswa kwendewa kwanza, wala si kwa wema wao peke yake. Baiskeli ya wizi haipandwi muda mrefu kabla haijahitaji mkono wa fundi, ama ipakwe rangi, ama ibadilishwe usukani, ama ivunjwevunjwe. Hatari kubwa iko katika kuvunjwavunjwa. Mwaka wa 1948 Vittorio De Sica, Mtaliani, alitoa filamu juu ya maskini mmoja wa Roma aliyeibiwa baiskeli iliyompatia kazi yake ya kubandika matangazo, na katika filamu ile rafiki zake, walipokwenda naye sokoni asubuhi, waligawana kazi: huyu atazame fremu, huyu tairi, huyu pampu na kengele, maana walijua kwamba kinachotafutwa huenda kisiwe baiskeli tena. Humo humo yupo mchuuzi anayeipaka fremu rangi mpya, akaulizwa namba, akakataa kuitaja mpaka askari alipoletwa. Namba ikasomwa, ikawa siyo. Kwa sisi tuliopitia mambo haya, namba ile kuwa siyo inauma kuliko mwizi mwenyewe. Siku hizi mizani ya vyuma chakavu imeongeza balaa, kwa kuwa fremu ikishakatwa na kupimwa kwa kilo haina tena namba wala historia.

Yangu ilipatikana baada ya wiki saba, kwa habari iliyopita kutoka fundi hadi fundi, huko njia ya Pangani, karibu na mashamba ya mkonge. Imepakwa rangi ya kijani. Tulikwenda na askari, fundi wangu akachukua msasa na kitambaa, akasugua taratibu penye kifundo chini ya kiti, kijani kikatoka, na chini yake weusi wa zamani, na chini ya weusi chuma chenyewe. Tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja kama maandishi ya mtoto kwenye ubao uliofutwa vibaya. Askari akasema: "Haya, mwalimu, toa yako."

Nikatoa daftari la baba. Marehemu alikuwa ameiandika namba ile siku aliyoinunua, katika ukurasa uleule alioandika tarehe za kuzaliwa kwetu, na aliandika kwa hati za Kiarabu, na tarakimu zake ni za Kiarabu vilevile. Askari akaitazama, akaona kiduara, akasema hapa pana sifuri na kwenye fremu pana tano, basi hazilingani. Nikamweleza kwamba katika hesabu ile kiduara ndicho tano, na sifuri ni nukta tu. Akaniuliza anajuaje kwamba simdanganyi. Swali lake lilikuwa la haki. Tukakaa pale chini ya jua, mimi na daftari, fundi na msasa, na yule mkulima aliyeinunua, mtu mnyenyekevu aliyekuwa akitetemeka, mpaka tuliporudi kituoni na kumkuta koplo mmoja wa makamo aliyesoma chuoni utotoni mwake, akaisoma namba yote kwa sauti bila kuitazama fremu.

Suala la yule mkulima laniwia gumu hata leo. Alinunua kwa fedha zake, gulioni, mbele za watu. Waingereza walikuwa na kanuni ya kale kwamba aliyenunua kwa nia njema katika soko la wazi, baina ya kucha na kuchwa, humiliki alichokinunua hata kama kiliibwa, na hawakuifuta mpaka 1994. Sheria ya mauziano tuliyo nayo sisi yasema kwamba asiyemiliki hawezi kumpa mnunuzi haki asiyokuwa nayo yeye, na fikihi yasema karibu hivyohivyo kwa urefu zaidi: aliyeikuta mali yake kwa mtu ana haki nayo zaidi, na mnunuzi amfuate aliyemwuzia. Ni hukumu ya uadilifu. Lakini aliyemwuzia alikuwa kijana asiyejulikana jina wala kwao, na kumfuata mtu wa namna hiyo ni kufuata upepo. Fundi wangu alishauri nimpe chochote, nikampa, na kiasi sikitaji.

Mahakama nazo zina kanuni yao katika mambo haya, inayostahili kujulikana. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, na asitoe maelezo yanayokubalika, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji. Lakini neno "karibuni" hupimwa kwa namna ya kitu chenyewe, na kitu kinachopita mikononi mwa watu kwa wepesi, kama baiskeli, hupewa muda mfupi. Tena mlalamikaji hutakiwa aeleze alama za mali yake kabla ya kuonyeshwa, wala si baada ya kuiona. Na alama ziwe za peke yake, si zile ambazo kila baiskeli iliyotoka kiwandani mwaka ule inazo. Spoki yenye kutu karibu na isiyo na kutu ilisikilizwa mahakamani kwa makini kuliko machozi yangu yote.

Na baada ya kuithibitisha, sikupewa. Baiskeli ilikuwa sasa ni kielelezo, ikafungwa kikaratasi kwenye usukani na kuegemezwa katika uga wa kituo, ambako ilinyeshewa masika yote, nami nikiipita kwa miguu kila asubuhi nikienda shule. Naona ingetosha ipigwe picha, namba ichukuliwe mbele ya mashahidi, kisha mwenyewe akabidhiwe kwa ahadi ya kuirudisha ikihitajiwa. Wakati ule niliuliza, nikaambiwa nisubiri.

Kabla sijamaliza, nitaje jambo moja kwa wale walioko ng'ambo, kwa kuwa barua zao nazipata. Anayeishi Amsterdam asikimbilie kulia wizi, kwa sababu manispaa ya huko yenyewe huziondoa baiskeli zilizoegeshwa pasipo ruhusa na kuzipeleka ghalani kwake, ambako mwenyewe huikomboa kwa ada. Na akiikosa huko, basi ajue kwamba kila mwaka baiskeli kati ya 12,000 na 15,000 huopolewa majini katika mifereji ya mji ule.

Yangu ilirudi mwishoni mwa mwaka. Fremu ni yangu, usukani si wangu, kiti si changu, na gurudumu la nyuma ni la baiskeli nyingine kabisa, lenye habu laini isiyo na gia wala tarakimu. Fundi aliinama akaipangusa kwa kidole gumba, akaigeuza polepole, akatafuta, akaniangalia.

"Mwalimu, hili nalo lina mwenyewe," akasema.

Fundi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Na mimi, ingawa sasa ni mzee wa kutembea na bakora, nikipita penye baiskeli kuukuu iliyoegemezwa barazani, salamu zangu kwa wenye nyumba huchelewa kidogo, kwa kuwa nimeinama kwanza kwenye gurudumu la nyuma, natafuta 56.