Filamu zetu za vitisho zinapotea, na mlinzi wake ni mwenye duka la flashi

Jamaa zangu wa Kisauni na Likoni hawaachi kuniuliza: huku Lurambi, Kakamega, mtu wa pwani hujipumbaza vipi jioni, na bahari hakuna? Jibu langu huwa fupi. Natazama filamu. Tena si zile zinazobandikwa mabango makubwa barabarani, bali zile ambazo ukizitaja barazani watu wanakutumbulia macho.

Lurambi iko kando ya barabara ya kutoka mji wa Kakamega kwenda Webuye, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko jirani. Penye wanafunzi hapakosi duka la muvi. Ni kijiduka chembamba chenye kompyuta moja, spika mbili na kijana mmoja. Unampa flashi, anakujazia, unalipa shilingi chache unakwenda zako. Vijana wengi huitisha za Marekani na tamthilia za Korea. Lakini ukimuuliza mwenye duka kama ana za Uganda zilizosimuliwa, au zile za Bongo za zamani za mizuka, ataingia kwenye faili ambalo halifunguliwi mara kwa mara. Makala haya ni ya faili hilo: limebeba nini, kwa nini ulitafute, na kwa nini tukizubaa litapotea tusilione tena.

Kwanza tuelewane. Filamu za pembeni ni zile zilizotengenezwa nje ya kampuni kubwa, aghalabu kwa pesa kidogo, zikasimulia mambo ambayo wakubwa wa sinema hawayagusi: mizuka, majini, wafu wasiotulia, madikteta wala watu, vita vya mtaani. Watazamaji wake ni wachache lakini wanazipenda kupindukia. Nyingine zina makosa ya wazi wazi. Sauti inakatika, taa inazimika, damu inaonekana kabisa kuwa ni rangi. Anayezipenda anayaona makosa hayo, lakini macho yake yako kwenye ujasiri wa aliyezitengeneza.

Nahodha anayekufa mapema

Tuanze na jirani zetu, maana kutoka Lurambi mpaka wa Uganda hauko mbali, iwe utapitia Busia au Malaba. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya mapigano inayoitwa Who Killed Captain Alex? Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Utotoni hakuwa akienda sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, kisha akirudi anamhadithia nani alimpiga nani na gari gani lililipuka. Kwa hivyo alijifunza filamu kwa masikio kabla ya macho.

Filamu hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki ziliundwa kwa mabomba na vyuma chakavu. Kompyuta ya kuhariria aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kompyuta nyingine. Sasa sikiliza kioja. Sote tumelelewa tukijua kwamba steringi hafi. Huyu Kapteni Alex, ambaye jina lake ndilo jina la filamu, anauawa mapema, na mpaka mwisho huambiwi aliyemuua ni nani. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta kisasi. Helikopta zinaangusha mabomu Kampala. Na juu ya yote hayo kuna sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayewataniia waigizaji na kukuonya wewe mtazamaji kwamba moto unakuja.

Huyo msimulizi si nyongeza ya kuchekesha tu. Uganda, vibanda vya video vilijaa filamu za lugha za kigeni ambazo watu hawakuzielewa, basi akakaa mtu na maikrofoni kutafsiri na kutia chumvi. Waganda wenyewe huviita vibanda hivyo bibanda, neno walilolichukua kwetu Waswahili. Tanzania alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye sauti yake ilizigeuza picha za nje zikawa hadithi za Kiswahili. Kenya tuna DJ Afro, na sidhani kuna matatu au kinyozi hapa Kakamega asiyeijua sauti yake. Hii ni sanaa yetu wenyewe ya kutazama filamu, na imekulia kwenye mabenchi ya mbao.

Mizuka ya Bongo

Twende kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dar es Salaam iliingia wazimu wa filamu za video. Mikanda ya Nigeria ilikuwa imeshafika, na vijana wakajiambia: hata sisi tunao uchawi wetu. Mussa Banzi akatoa Nsyuka, miongoni mwa filamu za kwanza za kutisha za Kitanzania. Jina hilo ni la Kinyakyusa, na ukilitamka polepole utasikia mzuka ndani yake. Mwaka 2005 ikafuata Shumileta, hadithi ya pepo wa kike na mapenzi yake kwa mwanadamu.

Kwa mtu wa pwani, Shumileta si ngeni hata kidogo. Nani kati yetu hakuhadithiwa na bibi kuhusu mwanamke mzuri aliyeomba lifti usiku, dereva akatupa jicho chini akaona kwato? Nani hakumbuki habari za popobawa zilipotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakawa wanalala nje kwa makundi? Na huku Lurambi nimekuta wanao wao: watu wanaosemwa kwamba hukimbia usiku na kurusha mawe juu ya mabati. Hofu hizi zilikuwa zikiishi midomoni tu. Banzi na wenzake walizitia kwenye kamera, kwa Kiswahili, bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Kama unataka kazi ya aina hiyo iliyopikwa kwa utulivu zaidi, tafuta Maangamizi: The Ancient One ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani mweusi, anakuja Tanzania na kumkuta mgonjwa aitwaye Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Roho ya mababu inaingia kati yao. Hakuna kelele wala damu ya ndoo, lakini nywele zitakusimama. Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar upande wa filamu za lugha za kigeni, na bado watu wengi ninaowauliza hawajaisikia.

Na Kenya?

Kenya nayo imo. Mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Idi Amin kukimbia Kampala, Sharad Patel alitoa Rise and Fall of Idi Amin, iliyopigwa hapa nchini. Mkenya Joseph Olita alimwigiza Amin kwa namna ambayo watu waliapa ni yeye mwenyewe. Ni filamu chafu kwa maana ya vitisho. Inaonyesha hata vichwa vya watu ndani ya friji. Wataalamu wengine huidharau kuwa inauza damu. Mimi naiona ni kumbukumbu ya jinsi majirani walivyohadithiana habari za Amin wakati jeraha lilikuwa bado bichi.

Karibu miaka thelathini baadaye, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu. Ni dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, na mwanamke mmoja anapata udongo unaootesha mbegu. Mtu wa Kilifi au Tana River aliyeona visima vikikauka haitaji kufafanuliwa zaidi.

Kisha kuna Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016. Msichana anazinduka nyikani hana kumbukumbu, anafika kwenye hoteli na kuambiwa kwamba yeye na wote waliomo humo ni wafu. Haidumu hata saa moja na nusu. Kenya iliipeleka Oscar, na wakosoaji waliituza Toronto.

Nani anayezitunza?

Sasa tufike penye mwiba. Nabwana, kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta yake, aliifuta filamu ya Kapteni Alex ili atengeneze nyingine. Ile nakala ya asili isiyo na msimulizi haipo tena. Tunayoitazama leo ni ile iliyokuwa imekwisha kutoka mikononi mwake, yenye sauti ya VJ Emmie. Filamu maarufu kuliko zote za pembeni katika Afrika Mashariki imesalia kwa sababu nakala zilikuwa kwa watu.

Hilo si jambo la Uganda peke yake. Mwaka 1922 Wajerumani walitoa Nosferatu, filamu ya mnyonya damu. Mjane wa mwandishi Bram Stoker alishtaki kwamba hadithi ya mumewe imeibwa, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Dunia inaiona leo kwa sababu baadhi ya nakala hazikupatikana. Marekani, mwaka 1968, George Romero alitoa Night of the Living Dead. Jina la filamu lilibadilishwa dakika za mwisho na alama ya hakimiliki ikasahauliwa, kwa hivyo kila mtu akawa huru kuinakili. Ilisambaa dunia nzima, lakini waliotoa jasho hawakupata sehemu kubwa ya walichostahili.

Hapo ndipo mzani unapolemea pande mbili. Kijana wa duka la muvi anakili kazi ya mtu bila kumlipa. Kwa sheria ya Kenya ni kosa, na kwa dini yangu kula jasho la mtu si halali. Watengenezaji wengi wa Bongo na Wakaliga waliumizwa na jambo hili hili. Waigizaji wa Nabwana walikuwa wakizunguka mitaani kuuza sidii mkono kwa mkono, wakikimbizana na wanakili kabla soko halijafa. Lakini kijana huyo huyo ndiye aliyebaki na nakala ya filamu ambayo duka lililoiuza lilifungwa zamani na mtayarishaji ameshahamia kazi nyingine. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuijua sidii. Sidii huoza, hukwaruzika, huota ukungu, hasa kwetu pwani kwenye unyevu na chumvi. Mikanda ya VHS ndiyo usiseme.

Msimamo wangu ni huu. Kazi ambayo mwenyewe bado anaiuza au ameiweka mahali pa kulipia, mlipe. Hakuna udhuru. Lakini kazi isiyouzwa popote tusiiache ife kwa kisingizio cha sheria. Serikali za kaunti zina maktaba, vyuo vyetu vina idara za mawasiliano na filamu. Kinachotakiwa ni kuwatafuta wenye kazi wangali hai, kupata idhini yao, na kuhifadhi nakala safi mahali panapojulikana. Taifa likimwachia duka la flashi kumbukumbu zake, siku kompyuta ile itakapoungua tutamlaumu nani?

Ukitaka kuanza

Usianze na zote. Anza na Kapteni Alex, maana wenyewe wa Wakaliga waliiweka YouTube mwaka 2015 na kuitazama ni bure. Itazame na watu. Filamu yenye msimulizi haitaki upweke. Kisha Pumzi, kwa kuwa ni fupi. Ukishazoea, nenda Kati Kati na Maangamizi. Za Bongo za zamani utazipata kwa kuulizia, na usichoke, kwani jina la filamu huandikwa kila mtu apendavyo kwenye faili.

Watoto waweke mbali na hizi za damu. Bodi ya kuainisha filamu nchini huweka alama za umri kwa sababu, na mzazi asisubiri bodi imlelee. Ndugu zangu Waislamu nawaambia jambo moja zaidi. Majini tunaamini wapo, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Elimu yake iko kwa masheikh, haiko kwenye flashi. Filamu itakuonyesha jinsi watu wanavyoogopa, na hilo lina faida yake, lakini usiitolee fatwa.

Na wewe uliye Malindi, Lamu au Kwale, angalia chini ya kabati la televisheni. Huenda kuna boksi la sidii za miaka ya 2000 linalosubiri kutupwa na mwenye kufagia. Usilitupe. Zifute vumbi, zisome majina, na ukikuta moja ambayo hata intaneti haiijui, niandikie kupitia ukurasa huu. Tukutane juma lijalo, inshallah.