Je, Wajua? Mbwa, Sungura na Simbilisi Katika Ua Mmoja

Je, wajua kwamba mbwa aliyeshiba huwinda vilevile? Mwazye na vijiji jirani vya Kalambo, sungura akikutwa ameuawa alfajiri, watu husema mbwa alilala njaa. Lakini hamu ya kufukuza kinachokimbia na hamu ya kula ni vitu viwili katika ubongo wa mbwa. Ndiyo maana anaweza kuua simbilisi wote wa boksi moja asile hata mmoja. Mlishe mbwa wako vizuri, ni haki yake, ila ujue kwamba ugali hauzuii meno. Kinachozuia ni ukuta na komeo.

Je, wajua kwamba uwindaji wa mbwa huenda kwa hatua? Hukaza macho, hunyatia, hufukuza, hukamata, huua, hurarua, kisha hula. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Uskoti walichaguliwa vizazi kwa vizazi wabaki na zile hatua za mwanzo, za mwisho zikafifia. Mbwa wadogo wa Uingereza waliofugwa kuua panya walichaguliwa kwa kukamata na kutikisa hadi shingo ivunjike. Mbwa wetu wa kienyeji hakuna aliyempunguzia hatua yoyote. Mchana ameingia porini na vijana, jioni anarudi kulala mita chache kutoka kwenye banda la sungura.

Je, wajua hatua ya kumwahi? Ni ile ya macho, na inaonekana waziwazi ukimtazama kwa makini: mdomo uliokuwa wazi unafumba ghafla, masikio yanaelekea mbele, mguu mmoja wa mbele unanyanyuka na kubaki hewani, mwili mzima unaganda. Mwite hapo hapo, mgeuze, mpe kitu akigeuka. Akishachomoka, sauti yako haimfikii tena. Na usidanganywe na mkia: mkia ulionyooka ukitikisika kidogokidogo kwenye ncha si dalili ya urafiki.

Je, wajua kwamba Juni na Julai ni miezi ya kuwa macho zaidi Ufipa? Sumbawanga mjini ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya nyanda hizi huijua baridi barabara. Kila kiumbe hutafuta jiko. Simbilisi wako nyuma ya kuni, mbwa amejikunja kwenye majivu ya moto, watu wamelala, na katikati hakuna hata ubao. Kwa maoni yangu mbwa ajengewe kibanda chake nje, kikavu, kisichopitisha upepo, chenye nyasi kavu za kutosha. Atalala vizuri na jikoni patakuwa salama.

Je, wajua kwamba simbilisi alianza kufugwa kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na mpaka leo huko wanamfugia jikoni? Kivu ya Kusini, Kongo, nako ni vivyo hivyo. Ni mfugo wa akina mama na watoto, hauhitaji eneo. Lakini hapandi ukuta, haruki juu, na akiona majani hupiga mlio mkali. Mbwa husikia sauti nyembamba mno kuliko sisi: sikio la binadamu huishia kwenye hezi 20,000 hivi, la mbwa hufika zaidi ya 40,000. Unapomlisha simbilisi, mbwa aliye nyuma ya nyumba ameshajua.

Je, wajua kwamba sungura anaweza kufa bila jino kumgusa? Hili wafugaji wengi hawaliamini mpaka liwakute. Wavu mzima, mlango umefungwa, sungura amekufa. Mbwa alizunguka banda usiku kucha. Mifupa ya sungura ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu sana, kwa hiyo akipiga mateke kwa hofu anaweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Mwingine husalimika usiku huo, lakini anaacha kula na tumbo lake linasimama. Sungura asiyekula kwa saa 24 yuko hatarini kweli. Kwa hiyo haitoshi kumzuia mbwa asifike. Zuia pia asionekane. Upande unaotazama ua uzibwe kwa mabanzi, wavu ubaki upande wa pili, na ndani kuwe na boksi la kujificha lenye giza.

Je, wajua banda huangushwa na nini? Mara nyingi ni kile kipande cha mbao kilichopigiliwa msumari mmoja ili kizunguke na kushika mlango. Mbwa hana haja ya nguvu: anasukuma kwa pua, kinazunguka, mlango unaachia. Weka komeo la chuma, na la pili chini yake. Waya mwembamba wa kuku humzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie. Tumia wavu mnene wa chuma uliochomelewa, au mbao. Matete hayafai kabisa. Banda liinuliwe mita moja, na chini ya sakafu pazibwe, maana mbwa akilala pale hung'ata vidole vya sungura vinavyotokeza kwenye nafasi. Banda la chini lizungushiwe mawe yaliyofukiwa, kwani mbwa atachimba. Tena usijenge ukimfikiria mbwa wako tu. Huyo umemlea. Wa jirani anayepita saa nane usiku hujamfundisha neno.

Je, wajua kwamba kumchapa mbwa baadaye hakumfundishi kitu? Hawezi kuunganisha fimbo ya asubuhi na tendo la usiku. Anachojifunza ni kukuogopa. Tena mbwa analindwa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa yumo ndani yake kama alivyomo ng'ombe.

Je, wajua umri wa kumzoesha? Wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi tangu azaliwe. Namibia, shirika linalohifadhi duma limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa wa ulinzi wa asili ya Uturuki tangu 1994. Watoto wa mbwa huwekwa na mbuzi wakiwa wadogo, wakikua wanalinda kundi. Mbwa wako naye, akinusa kitambaa cha bandani na kuwaona sungura kwa mbali akiwa kwenye kamba, kila siku kidogo, atatulia. Faida yake ni kubwa: harufu na kelele za mbwa huwafukuza nguchiro na paka mwitu. Hata hivyo usimwache peke yake na sungura. Na mbwa wawili pamoja huwa na ujasiri ambao mmoja hana.

Je, wajua kwamba mbwa wa asili ya Kongo wasiobweka sana huvishwa njuga shingoni wakienda kuwinda, mwenyewe ajue walipo? Njuga hiyo hiyo inafaa nyumbani.

Je, wajua kwamba matumbo mabichi ya sungura hayafai kutupiwa mbwa? Ndani yake hukaa vifuko vya minyoo tegu. Mbwa akivila, minyoo hukomaa ndani yake, mayai hutoka na kinyesi, huangukia majani, na majani hayo unayakata wewe mwenyewe kwenda kuwalisha sungura. Yachimbie chini.

Je, wajua kwamba sungura na simbilisi nao hawafai banda moja? Sungura, kama mbwa, anaweza kubeba kimelea cha mapafu bila kuugua, na simbilisi akakipata na kufa.

Je, wajua kwamba amoksilini ya kumeza, dawa iliyomo katika nyumba nyingi, inaweza kumuua sungura au simbilisi aliyeng'atwa? Huangamiza bakteria wazuri wa tumbo. Hata kama huoni jeraha, papasa chini ya manyoya, mpe joto, mwite ofisa mifugo.

Je, wajua kwamba mtu naye hung'atwa anapojaribu kumwamua mbwa na mnyama aliyemkamata? Usiingize mkono; mwagia maji au rusha blanketi. Uking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenyewe huanza kuchanjwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.