Kijana Aliyepandikizwa Uloto Asaidiweje?

Ukivunja mfupa wa mbuzi utakuta ndani yake kitu laini chenye mafuta. Hicho ni uloto. Wengine hukiita uboho. Binadamu naye ana uloto ndani ya mifupa yake, na kazi yake ni kutengeneza damu. Ndani ya uloto mna chembe mama. Hizo ndizo zinazozaa chembe zote za damu: nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na vijidudu, na zile ndogo zinazogandisha damu mtu akijikata.

Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu hutengeneza chembe nyekundu mbovu. Chembe hizo hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mgonjwa hupungukiwa damu, hupata maumivu makali ya mifupa, na wengine hupooza wakiwa bado wadogo. Wagonjwa wengi husaidiwa na dawa za kunywa. Lakini iko pia tiba ya kuondoa uloto mbovu na kuweka chembe mama kutoka kwa mtu mwingine. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kwa hiyo si jambo la Ulaya tu. Kijana aliyetibiwa hivyo aweza kurudi kijijini kwako, na sisi majirani ni lazima tujue la kufanya.

NDUGU ANAYETOA

Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hata hivyo si kila ndugu anafaa. Kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Ndiyo maana watoto wote wa nyumba hiyo hupimwa.

Hapo ndipo maneno huanza. Husemwa kwamba mtoaji atakatwa mfupa, au atabaki bila nguvu maisha yake yote. Si kweli. Mtoaji hulazwa kwa nusukaputi. Daktari huingiza sindano katika mfupa wa nyonga kwa nyuma na kuvuta uloto kidogo. Mfupa haukatwi. Mtoaji huumwa kiuno kwa siku chache, na mwili wake hutengeneza uloto mwingine katika muda wa wiki chache.

Mtoaji mara nyingi naye ni mtoto. Aelezwe ukweli na aulizwe kama amekubali. Asitishwe kwa kuambiwa, "Ukikataa, kaka yako atakufa kwa sababu yako." Na kama uloto haukushika, mtu yeyote asimlaumu. Baada ya tiba wazazi humtazama mgonjwa tu, na aliyetoa husahauliwa. Shangazi au bibi amkumbuke huyo.

HOSPITALINI

Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wa zamani. Nywele hunyonyoka. Mdomo hutoka vidonda, na chakula hakipiti. Kisha chembe mama huingizwa katika mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa. Hushika baada ya wiki mbili hadi nne hivi. Katika siku hizo mgonjwa hana askari wa kumlinda. Mafua ya kawaida yaweza kumwua. Kwa hiyo hukaa chumba cha peke yake pamoja na mzazi mmoja.

Mzazi huyo atakaa mbali na nyumba kwa miezi kadhaa. Nani atapalilia mahindi yake? Nani atawalaza watoto waliobaki? Kusafiri watu kumi kwenda kumwona mgonjwa hakumsaidii, maana hawataruhusiwa kuingia. Nauli hiyo ni afadhali apelekewe mama anunue sabuni na chakula. Wengine washike majembe shambani kwake. Rafiki za kijana wampigie simu, wamwandikie barua, wamnakilie masomo.

AKIRUDI NYUMBANI

Kwetu mgonjwa akirudi, nyumba hujaa watu. Kila mtu anataka kumshika mkono na kumkumbatia. Ni desturi nzuri, lakini kwa mgonjwa huyu ni hatari. Kwa macho amepona. Huenda hata uso umenenepa, kwa sababu ya dawa. Lakini kinga ya mwili wake huchukua mwaka mmoja au zaidi kurudi.

Basi msalimieni nje, chini ya mwembe, wawili au watatu kwa zamu. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Mwenye kikohozi, mafua, kuhara au homa asije. Mtoto mwenye tetekuwanga au surua asikaribie kabisa. Mzazi akikuambia urudi siku nyingine, usikasirike. Yeye amefundishwa.

Vumbi la kijijini lina ukungu ambao sisi hautudhuru, lakini yeye waweza kuingia mapafuni na kumwua. Asipepete mahindi, asisafishe banda la kuku, asizoe samadi, asilale karibu na magunia ya nafaka. Nyumba ifagiliwe yeye akiwa nje, na sakafu inyunyiziwe maji kwanza.

Maji yake yachemshwe. Maziwa pia. Nyama na mayai viive kabisa, na chakula aliwe kingali moto. Matunda yaoshwe na yamenywe. Balungi asile, kwa kuwa huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa zake ndani ya damu. Dawa za miti asipewe, hata na mtu anayempenda sana. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Juani avae kofia na shati la mikono mirefu.

Dawa za hospitali anywe kila siku bila kuruka. Kazi ya baadhi yake ni kuzuia chembe mpya zisiushambulie mwili, maana zenyewe ni wageni pale. Vipele mwilini, macho ya manjano au kuhara sana ni dalili kwamba zimeanza kushambulia. Asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Homa ndiyo adui mkubwa. Wekeni kipimajoto nyumbani. Kikifika 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe panadoli mkangoja asubuhi. Panadoli huficha homa, na vijidudu huendelea kuzaana. Tafuteni mapema mwenye gari au pikipiki, mkapatane naye kabla ya siku ya shida.

KIJANA MWENYEWE

Mtoto mdogo hukubali kulindwa. Kijana wa miaka 14 huchoka. Anaona wenzake wanacheza mpira, naye anakatazwa hata kukaa dukani. Akinuna, asiitwe mkaidi. Apewe daftari aandike mwenyewe saa za dawa, na mzazi akague. Mwalimu ampelekee kazi nyumbani. Watani wasimwite kipara.

Aambiwe pia ukweli ambao wazazi huona haya kuutaja. Zile dawa kali zaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na daktari aulizwe kabla ya tiba kuanza. Na akijaliwa kuzaa, watoto watarithi kwake mbegu ya selimundu, maana kilichobadilishwa ni damu tu. Siku akitaka kuoa, mchumba apimwe.

Chanjo alizopata utotoni zaweza kupotea pamoja na uloto wa zamani. Ataanza upya, kama mtoto mchanga, kwa tarehe ambazo hospitali itapanga. Chanjo ya surua hungoja sana, kwa sababu ndani yake mna vijidudu hai. Akija zahanati aje na barua ya hospitali, ili asichomwe sindano isiyomfaa. Ndugu zake wadogo walete kadi zao tuone kama wamekamilisha zao.