Biokemia katika Vyuo Vikuu vya Umma: Mambo ya Kufahamu kabla ya Kuomba Udahili

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, vijana waliosoma tahasusi za sayansi huanza kutafuta nafasi katika vyuo vikuu. Wengi wa waliosoma Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB) au Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG) huelekeza macho kwenye udaktari wa binadamu. Kwa kuwa nafasi za udaktari ni chache na ushindani ni mkali, baadhi yao hujaza programu za biokemia na bioteknolojia kama chaguo la akiba, bila kufahamu zinafundisha nini na zinamfikisha mhitimu wapi. Wapo wanaobaini wakiwa wamekwisha kuanza masomo kwamba shahada wanayosomea siyo ile waliyoidhania.

Biokemia ni nini?

Biokemia ni taaluma inayochunguza kemia ya viumbe hai: namna protini, wanga, mafuta na vinasaba vinavyoundwa, vinavyofanya kazi na vinavyoharibika ndani ya seli. Matunda yake yanagusa maisha ya kila siku ya Watanzania.

Ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, chanzo chake ni badiliko la asidi amino moja tu katika mnyororo wa protini ya himoglobini. Badiliko hilo dogo huzifanya seli nyekundu za damu zijikunje mfano wa mundu, zizibe mishipa midogo na kumletea mgonjwa maumivu makali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu.

Mfano mwingine ni muhogo mchungu, wenye kiambata kinachoweza kuzalisha sumu ya sayanaidi. Unapolowekwa au kusagwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe hukivunja kiambata hicho, na sumu huondoka kwa maji na kwa hewa wakati wa kukausha. Wazee walijua kuloweka. Biokemia inaeleza kwa nini kufupisha muda wa kuloweka ni hatari. Vivyo hivyo kwa sumukuvu katika mahindi na karanga, iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Inafundishwa wapi?

Mwombaji anapaswa kuzingatia kwamba taaluma hii haibebi jina moja katika kila chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya sayansi katika biolojia ya molekuli na bioteknolojia, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mjini Morogoro, kinatoa shahada ya bioteknolojia na sayansi za maabara. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, biokemia ni sehemu ya msingi wa masomo ya wanafunzi wa udaktari.

Kwa kawaida shahada hizi huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi huanza na misingi ya kemia, biolojia ya seli na takwimu, kisha huingia katika vimeng'enya, umetaboli, jenetiki na mbinu za kuchunguza vinasaba. Sehemu kubwa ya muda hutumika maabara, na mwanafunzi hupelekwa pia katika taasisi kwa mafunzo kwa vitendo.

Sifa za kujiunga

Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa alama kuu mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0 katika masomo yanayohusika na programu. Daraja A lina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hivyo, mwenye C ya Biolojia na E ya Kemia anafikia kiwango hicho. Hata hivyo, kufikia kiwango cha chini si uhakika wa kupata nafasi, kwani chuo huchagua kwa ushindani na kinaweza kuweka masharti ya ziada. Masharti ya kila programu yanapatikana katika mwongozo wa udahili wa TCU, na maombi hutumwa moja kwa moja chuoni. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hulazimika kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa.

Ugharamiaji

Mwanafunzi mhitaji anaweza kuomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Mkopo huo hurejeshwa, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2022/2023, Serikali inatoa Samia Skolashipu kwa wanafunzi waliofaulu kwa viwango vya juu katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba.

Baada ya kuhitimu

Maarifa ya biokemia yanahitajika katika uchunguzi wa kimaabara, udhibiti wa ubora wa vyakula na dawa, utafiti wa magonjwa, uboreshaji wa mbegu na ufundishaji. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa mfano, husimamia uchunguzi wa vinasaba vya binadamu chini ya sheria ya mwaka 2009, ikiwemo utambuzi wa uzazi wa mtoto na ushahidi wa makosa ya jinai.

Lipo jambo ambalo wazazi na waombaji wengi hulipitia juu juu. Shahada ya biokemia haimfanyi mhitimu kuwa daktari, wala haimpi moja kwa moja haki ya kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Kazi hiyo inahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lenye masharti yake kuhusu mafunzo yanayotambuliwa. Anayelenga kuwahudumia wagonjwa maabara anashauriwa kuuliza Baraza hilo kabla ya kujaza fomu. Anayevutiwa na uchunguzi na utafiti atapata katika biokemia msingi imara wa kuendelea na shahada za umahiri na uzamivu.