Barua Iliyofichwa Ndani ya Picha

Kupeleka habari kwa siri si jambo geni huku Kusini. Mwaka 1904 na 1905 watu wa Umatumbi walipashana habari kwa kunong'onezana, wakaita njwiywila. Walikuwa wakienda Ngarambe kwa Kinjikitile. Aliyewatazama njiani aliona watu wanaofuata dawa tu, habari ya vita hakuiona. Mwezi Agosti 1905 vita hivyo vikafika mpaka Masasi.

Siku hizi habari inaweza kufichwa ndani ya picha ya simu. Je, inawezekanaje?

Chukua mkeka. Ukiusogelea unaona ukindu mmoja mmoja. Ukisimama mbali unaona maua. Picha ya simu ni vivyo hivyo. Imejaa vitone vidogo sana, na kila kitone kina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba ni kati ya 0 na 255. Namba ya nyekundu ikiwa 200, ukaifanya 201, rangi imebadilika, lakini jicho halioni. Hapo ndipo siri inapopenya.

Kompyuta huandika kila herufi kwa alama nane za 0 na 1. Herufi N ni 01001110. Basi mnapatana hivi: namba inayogawanyika sawasawa kwa mbili ni 0, isiyogawanyika ni 1. Programu inapita kwenye vitone, inaongeza moja hapa, inapunguza moja pale, mpaka namba nane zimetoa N. Neno NEWALA lina herufi sita, kwa hiyo linahitaji namba 48, yaani vitone 16 tu! Picha yenye vitone milioni moja inaweza kubeba herufi 375,000. Hicho ni kitabu kizima, tena kinene. Wewe unatuma picha ya mkorosho, mwenzako anasoma barua. Mwaka 2010 Marekani iliwakamata majasusi wa Urusi waliotumia njia hii hii.

Lakini kuficha si kufunga. Fedha uliyoifukia chini ya kitanda, mwizi akijua pa kuchimba, imekwenda. Ziko programu za kupima picha na kugundua namba zilizochezewa. Kwa hiyo anayetaka usalama hufunga kwanza: barua hugeuzwa kwa neno la siri iwe mchanganyiko usiosomeka, ndipo hutiwa katika picha. Picha yenyewe apige mwenyewe. Akichukua ya kwenye intaneti, mtu ataitafuta ile ya asili, atalinganisha, na tofauti itaonekana.

Na wewe mkulima wa Masasi au Newala, unayelipwa fedha za korosho kwa benki, usijaribu kuficha namba yako ya siri namna hii. Simu ikiibiwa, picha na programu vimekwenda pamoja. Namba hiyo ikae kichwani.

Jambo jingine linawaponza wengi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, huwa inabanwa ili iwe nyepesi. Namba zinabadilika na barua inapotea. Mwenzako atapata mkorosho mzuri usio na neno hata moja! Hifadhi picha kwa aina ya PNG, ambayo haipotezi namba, kisha itume kama faili, siyo kama picha.