Nusa Uji, Pooza Uji

Mtoto wa miaka mitano akishikwa na hasira, kumwambia "tulia" kunamsaidia kidogo sana. Anachohitaji ni kuonyeshwa namna ya kutulia. Ndiyo maana mazoezi ya pumzi na yoga nyepesi yanastahili nafasi katika madarasa ya awali: yanampa mtoto la kufanya kwa mwili wake mwenyewe.

Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, haja hiyo ni kubwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imehifadhi wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Hata nje ya kambi, mtoto wa Kiha huingia darasa la awali akiwa amezoea Kiha cha nyumbani, na ghafla anatakiwa asikilize Kiswahili katikati ya umati wa wenzake.

Wazo la kutumia mazoezi hayo limeshajaribiwa kwenye mazingira ya ukimbizi. Mwaka 2013 shirika la iACT la Marekani lilianzisha shule ya awali ya Little Ripples katika kambi ya Goz Amer, mashariki mwa Chad, kwa watoto waliotoka Darfur. Walimu walikuwa wakimbizi wenyewe, na mazoezi ya utulivu yaliingizwa katika ratiba pamoja na michezo na nyimbo. Mpango huo baadaye ulifika Tanzania.

Mtu akitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo hupungua na mwili hupata ishara kwamba hatari imepita. Mtoto hana haja ya kuelezwa hayo. Mwalimu amwambie akinge viganja kama ameshika kikombe cha uji wa moto: anuse harufu yake kwa pua, kisha apulize polepole upoe. Mara tatu au nne zinatosha. Siku nyingine walale mkekani, kila mmoja na kifuko cha maharage tumboni, wakitazame kikipanda na kushuka. Kisha wasimame kwa mguu mmoja kama korongo. Atakayeanguka acheke, ainuke, aendelee. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa umri huo.

Ushahidi upo, ingawa si wa kutangazia miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walifuatilia watoto 68 wa shule za awali na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Baada ya wiki 12, waliofundishwa utulivu na wema walikuwa wamepiga hatua katika kuishi na wenzao. Ni utafiti mdogo, tena wa Marekani.

Jambo moja walimu wasilipuuze: mtoto asilazimishwe kufumba macho. Aliyekimbia usiku anaweza kuogopa giza hilo; atazame sakafu tu.

Wapo wazazi watakaouliza kama yoga ni ibada. Wana haki ya kuuliza, maana chimbuko lake ni India na imefungamana na dini za huko. Waalikwe darasani wajionee: ni kunyoosha viungo na kupumua, bila sala wala maneno ya dini yoyote.

Na mtoto anayeendelea kushtuka usingizini, au aliyeacha kabisa kusema, asiachiwe mazoezi haya peke yake. Mwalimu azungumze na mzazi, kisha wamfikishe kwa mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii.